Mshenga wa Wivu

Mwajabu alipoinuka kwenda kutuza, Semeni alikuwa na kijiko cha pilau mdomoni, na hakukitoa mpaka shoga yake huyo wa zamani alipofika mbele ya mwimbaji. Alimtazama mgongoni. Ukumbi mzima ulimtazama mgongoni, maana huko ndiko kanga ilikoanza kufanya kazi yake.

Ua la kwanza la asumini lilichanua begani. La pili likafuata, halafu yakaja kwa pamoja, yakateremka mpaka kiunoni kama mtu amemwagiwa. Mwajabu aligusa tena sinia la shaba lililowekwa miguuni pa mwimbaji, akakata nyonga kidogo tu, kwa madaha, na ukumbi ukapiga vigelegele.

Zamani za bibi zao watu walituza kwa noti, wakambandika mwimbaji kwenye paji la uso. Siku hizi Muheza mtu anatuza pumzi. Pumzi moja ni umeme wa kumweka mtoto njiti kwenye mashine yake ya joto kwa saa moja, katika wodi ya Shirika la Pumzi Moja. Unagusa sinia, umeme wa jua wa paa lako unaahidiwa wodi, na kanga yako, iliyosukwa kwa uzi unaosoma mita ya nyumbani kwako, inatoa maua watu wakiona. Maua hayo huyanunui dukani wala huyaazimi kwa jirani. Ukimvalisha mwingine kanga yako, inabaki nyeupe kama sanda.

"Mwanangu, kijiko hicho utakimeza," alisema Bi Chano, aliyekaa mkekani ubavuni mwake. Bi Chano alikuwa mzee wa mtaa wao wa Kwamboza, mwenye masikio mazito na macho mepesi.

"Nimeshiba, bibi."

"Umeshiba nini, hata nyama hujaigusa? Unamla yule pale kwa macho."

Semeni alifuta vidole, akainuka. Hakuwa amepanga kuinuka. Asubuhi alijiapiza kwamba arusi hii atakula, atacheka, atarudi nyumbani. Lakini miguu ilikwishafika mbele, na mwimbaji, anayeijua kazi yake, alikwishalitia jina lake kwenye wimbo. Semeni akagusa sinia mara moja. Akagusa tena. Akabonyeza kiganja kizima na kukiacha palepale, mpaka sinia likalia mlio wa pumzi nyingi kuliko alizokuwa nazo.

Akasubiri vigelegele.

"Jani," alisema mtu nyuma yake. "Kapata jani."

Lilikuwa jani moja kweli, dogo, la kijani kilichofifia, karibu na kwapa ambako hata mwenyewe hakuliona vizuri. Alirudi kwenye mkeka akipita mbele ya Mwajabu, aliyekuwa anatengenezewa ushungi na wifi yake Salme. Salme alikuwa mwanamke mpole, asiye na maneno, na kanga yake ilikuwa na maua machache ambayo hakuna aliyeyapigia kelele.

"Umependeza, shoga," Mwajabu alimwambia Semeni.

"Ahsante," alijibu Semeni, akabana mkono juu ya jani lake.

*

Kilichokuwa kinapata hasara ya majani yale ni mayai.

Semeni alikuwa na mashine ya kutotolesha vifaranga, kubwa kama kabati la nguo, sebuleni kwake. Wanawake wa Kwamboza walimletea mayai, akayatunza kwenye joto kwa wiki tatu, wakachukua vifaranga na kumwachia fungu lake. Baada ya talaka, kazi hiyo ndiyo iliyomlisha na kumvisha. Mashine ilikula umeme wa vigae vilevile vya paa vinavyokunywa jua, na betri ilikuwa moja. Ukiupeleka umeme wodini, mashine inapoa. Ukiiwasha mashine, huna cha kutoa.

Kwa hiyo kila alipoahidi pumzi mbele za watu, siku ya pili aliizima mashine toka adhuhuri mpaka jua kuzama, akaifunika mablanketi na kujiambia kwamba hata kuku huondoka kwenye kiota akaenda kunywa maji. Mzunguko uliopita mayai mengi yalikuwa mabovu. Wenyewe walipouliza, aliwaambia, "Majogoo wenu wamezeeka." Walikubali. Bi Chano alimchinja jogoo wake kwa ajili ya maneno hayo.

Na sasa masika yalikuwa yameingia. Wingu lilikaa juu ya mji toka alfajiri, vigae vikawa vinalamba badala ya kunywa. Ndani ya mashine mlikuwa na mayai ya nusu ya mtaa, yamebakiza siku chache kutotolewa. Ukiliweka moja sikioni ulisikia kitu kinajigeuza.

Nuhu alifika katika hali hiyo, kwa pikipiki yake isiyo na sauti, koti la mvua linachuruzika. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka mitaani kwa niaba ya Shirika, akigawa kanga na kufundisha watu kuunganisha mita.

"Hodi hapa."

"Karibu, kaka Nuhu. Kama ni pumzi, nimekauka. Hata simu naichaji kwa kuiombea dua."

Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda, akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Dada Semeni, nina ombi. Litakuwa la ajabu kidogo. Naomba usipatane na dada Mwajabu mpaka masika yaishe."

Semeni aliacha kupangusa meza. "Nani kakwambia tumegombana?"

"Hakuna mtu."

"Basi?"

"Mshenga."

Jina hilo kila mtu alilijua. Mshenga ndiyo akili ya mashine ya Shirika, ile inayokutumia salamu kwenye simu jioni na kukuonyesha nani leo ametoa na kanga yake imechanua vipi. Watu walidhani ni jina tu la kuchekesha.

"Mshenga wa kawaida anaunganisha watu wanaotakana," alisema Nuhu. "Wetu anaunganisha wanaotazamana. Mwanzo tulijaribu mengine yote, dada. Picha za watoto, nyimbo, bahati nasibu ya mbuzi. Watu walilia, wakatoa siku moja, wakasahau. Halafu Mshenga akagundua jambo. Mtu hatoi anapomwona mtoto. Anatoa akimwona fulani katoa. Na kila mtu ana fulani wake. Wewe unaifungua picha ya dada Mwajabu kabla hujasoma hata salamu. Akitoa, haipiti saa na wewe umetoa. Kwa hiyo tukakupa yeye. Kila siku yeye wa kwanza, yeye juu."

"Mmenifanya niwe na wivu."

"Hatuupandi. Tunauokota pale tunapoukuta."

"Na majani?" Sauti ya Semeni ilipanda. "Mwenzangu akigusa anatoa bustani, mie jani! Hilo nalo mmeliokota?"

Nuhu aliangalia vidole vya miguu yake. "Ua likichelewa, mtu anaongeza."

Mvua ilipiga paa. Semeni aliifikiria mikono yake ikibonyeza sinia mbele ya watu, na jogoo wa Bi Chano.

"Mbona unaniambia? Si mngeendelea tu."

"Kazini hawajui nimekuja. Lakini juzi Mwajabu alifungua picha zenu za zamani, za usichana, akakaa nazo sana. Mshenga anaona mtapatana, na mkipatana mtapoa. Amepanga akuletee habari za kumchongea ili msisogeleane, nami hilo nimeshindwa. Nikaona bora nije nikuombe kwa mdomo, kama mtu kwa mtu. Wodi imejaa. Umeme wa mji unakatika kila siku, na jua unaliona. Ukitaka nikutoe kwenye jozi, nakutoa sasa hivi, utapata maua yako yote kwa haki. Lakini mtaa huu ndio unaowasha mashine nyingi, na katika mtaa huu ni wewe na yeye mnaotoa kuliko wote."

Semeni alikwenda dirishani. Jozi. Neno hilo lilimwingia polepole, na lilipofika ndani likawa tamu. Jozi ni wawili. Kama yeye amepewa Mwajabu, basi Mwajabu amepewa nani?

"Na yeye anajua?"

"Hapana."

"Mwache hivyo hivyo," alisema. "Na mie niache nilivyo."

Nuhu alishukuru mpaka akatia aibu. Alipoondoka, Semeni alijikuta anaimba jikoni. Akilini alimwona Mwajabu yuko kwake, simu mkononi, anahesabu majani yake moja moja na kuumwa na roho. Siku kadhaa aliishi na picha hiyo, na chakula kikapata ladha.

*

Alipochoka kuiona kwa mawazo alikwenda kuitazama kwa macho. Alichukua bakuli la Mwajabu lililokaa kwake mwaka mzima, akajifanya amekuja kulirudisha.

Mwajabu alikuwa barazani, anakaanga kalmati, manyunyu ya mvua yanaangukia ukingoni mwa sakafu. Binti yake Riziki, anayekaribia miaka mitatu, alikuwa amelala kwenye jamvi nyuma yake.

"Ala! Leo jua litatoka," alisema Mwajabu. "Semeni huyo! Kaa, shoga. Kula hii, inaunguza."

Semeni alikaa. Alikula. Alikuwa amevaa kanga yake makusudi, na jani jipya lilikuwa mbele kabisa, kifuani. Alisubiri Mwajabu alitazame. Mwajabu alizungumzia bei ya ngano, na nazi zinazoletwa zimeoza, na paa linalovuja.

"Huulizi kanga yangu?" Semeni alishindwa kuvumilia.

"Ina nini?"

"Ina jani."

"Naliona. Zuri."

Hapo Semeni alimwaga yote. Mshenga, jozi, kuokotwa kwa wivu, ombi la Nuhu. Alisema haraka huku anamtazama usoni, akingoja pale atakapobadilika rangi, pale atakaposema kumbe na wewe.

Mwajabu aliepua kalmati, akachuja mafuta. "Kumbe ndiyo maana," alisema taratibu. "Ndiyo maana kila nikifungua simu ni Salme. Salme katoa, Salme kachanua. Nikasema huyu wifi ana nini na mie, mbona ananifuata mpaka kwenye simu?"

"Salme?"

"Salme, ndiyo. Mume wangu hanunui hata viatu bila kumuuliza dada yake. Na huyu," alionyesha jamvi kwa kijiko, "we ngoja aamke."

"Si mimi?" Semeni alisikia sauti yake inatoka nyembamba. "Mie sipo kwenye simu yako?"

"Wewe?" Mwajabu alishangaa kweli, bila dharau, na kule kushangaa ndiko kulikouma. "Nikuonee wewe wivu wa nini, Semeni?"

Kalmati ilibaki mkononi mwa Semeni. Miaka yote alidhani wanavutana kamba, kumbe upande wa pili hakuna mtu; ameifunga kwenye nguzo, anavuta, anatokwa jasho.

Basi akatoa lile la chini kabisa, ambalo hakuwahi kulisema. "Siku ile maji yalipobomoa daraja, nani alimbeba mtoto huyu, kazaliwa njiti? Nani alimtia ndani ya gauni, ngozi kwa ngozi, akatembea naye kwenye tope mpaka wodini, wewe ukiletwa nyuma kwa machela? Shirika walipokuja na kamera, ukasema 'nilimbeba'. Mie niko pale mlangoni nasikia. Hukunitaja."

"Sikukutaja," alisema Mwajabu. Aliweka kijiko chini. "Na sikusahau, shoga. Nilifanya makusudi."

Semeni aliiweka kalmati chini.

"Nililala pale wodini siku zote zile, nimeshonwa, maziwa hayatoki. Kila anayekuja anasema mtoto wa Semeni kafungua macho. Mtoto wa Semeni kaongezeka uzito. Manesi nao hivyo hivyo. Mie niliyemzaa nauliza, jamani, na mie wangu yuko wapi? Kamera ilipokuja nikasema ngoja leo awe wangu, hata kwa uongo. Tangu hapo nakuonea aibu. Juzi nimeangalia picha zetu, nikasema niende nikamwombe radhi, miguu ikagoma."

"Kwa hiyo ulinionea wivu."

"Sana. Nilitaka kukung'oa nywele."

Kitu kilimpanda Semeni kifuani, cha moto na kizuri. Aliona haya kukifurahia, akakifurahia. "Na sasa?"

"Sasa nimepoa," alisema Mwajabu kwa upole, kama mtu anayetoa habari njema.

Riziki aliamka hapo, akaanza kulia. Alisimama kwenye jamvi akayumba. Mama yake alinyoosha mikono. Mtoto alimpita. Alimpita na Semeni, akatelemka kibarazani kwa matako, akakimbia kwenye mvua mpaka mlango wa pili, kwa shangazi yake, na mlango ukafunguka kabla hajaugonga.

"Umeona?" alisema Mwajabu.

Semeni alikuwa ameona. Alirudi nyumbani na bakuli bado liko kwapani.

*

Pindo la kanga liligeuka jekundu siku ya pili yake, baada ya sala ya adhuhuri. Hivyo ndivyo wodi inavyoita ikizidiwa. Simu ikafuata, ikaleta maneno machache: umeme wa mji umekatika, akiba ya wodi inaisha, tunaomba pumzi.

Semeni alisimama mbele ya swichi. Betri ilikuwa na umeme wa kutosha jambo moja. Ama mashine yake mpaka kesho, na mayai yalikwishaanza kugongagonga. Ama wodi mpaka jioni.

Alifungua simu kutazama kama Mwajabu ametoa. Hakuna aliyetoa. Mtaa mzima ulikuwa unasikilizia mvua.

Akasubiri mkono wake uende, kama ulivyokwenda kila siku. Haukwenda. Alijaribu kumfikiria Mwajabu na maua yake, lakini alichokiona ni Mwajabu na kijiko chake akisema nimepoa, na mkono ukazidi kuwa mzito. Alijaribu kuwafikiria watoto. Aliwafikiria, akawahurumia, na bado mkono ulining'inia pale kama wa mtu mwingine. Hapo ndipo alipojiogopa. Mwanamke aliyetembea kwenye tope na mtoto kifuani alikwenda wapi? Au na siku ile alikuwa anatazama nani anamwona?

Alipiga swichi kwa hasira, kama anampiga mtu kibao. Umeme ukaenda wodini. Mashine ya mayai ikatoa mluzi mdogo, ikazimika.

Kisha akafanya lile aliloliogopa zaidi. Alipiga simu nyumba kwa nyumba: kila mwenye mayai yake aje ayachukue ayatie joto mwilini, la sivyo yanakufa.

Walikuja na miavuli na mifuko ya nailoni kichwani. Bi Chano alifika wa kwanza, akinung'unika. Mwajabu alifika na Salme, wamejifunika mwavuli mmoja, Riziki yuko mgongoni kwa Salme. Semeni aliwagawia mayai, yaliyobaki akajifunga mwenyewe tumboni, nao wakayatia vifuani, wakayazungushia kanga tumboni, wakakaa mikekani wamejibanabana kama kuku wenyewe, hakuna anayethubutu kuinama.

"Nikipiga chafya hapa nimefilisika," alisema mmoja.

"Hebu nieleze, mwanangu," alisema Bi Chano, mikono imekumbatia kifua. "Mashine ina ugonjwa gani?"

Semeni aliwaeleza. Alieleza swichi aliyoizima leo, na alizozizima zamani. Alieleza mayai mabovu.

"Majogoo wamezeeka!" Bi Chano alipiga ukelele. "Jogoo wangu! Nimemla kwa machozi, kumbe hana kosa!"

Waliguna, wakamsema, na mmoja alitaka kuondoka na mayai yake, ila hakuweza kuinuka bila kushikwa mkono. Ndipo Semeni akawaeleza na habari ya Mshenga. Kila mmoja alianza kutazama mwenzake kwa pembe ya jicho, akipiga hesabu za simu yake mwenyewe, nani amekuwa akiletewa kila siku juu kabisa.

Mapindo yao yakawa mekundu tena, yote kwa mara moja. Wodi iliomba mara ya pili.

Hakuna aliyegusa simu. Semeni aliwatazama, akaelewa alichokifanya. Walikuwa na umeme, kidogo kidogo kila nyumba. Lakini sasa atakayetoa atakuwa amekiri mbele ya wote kwamba ana wivu, na wote watamtazama wajue ni wa nani. Nuhu aliogopa hilo hilo, watu kuacha kutoa. Wekundu ulikolea. Salme alimbembeleza Riziki kwa kumpigapiga mgongoni.

"Mimi namwonea wivu Mwajabu," alisema Semeni.

Vichwa viligeuka.

"Toka siku alipoanza kuchanua. Kabla ya hapo pia. Umeme wote niliotoa nimeutoa kwa sababu yake, mtoto hata mmoja sikumfikiria, na watoto waliutumia vilevile, haukuwaunguza. Leo nimetoa bila hata wivu na nilikaribia nisitoe. Haya, nimesema. Sina cha kuongeza, betri yangu tupu. Ninyi mnazo."

Mvua ilinyesha. Bi Chano alijikohoza.

"Nishikieni simu, mie mikono imejaa. Bonyeza hapo, mama. Mie nawaonea wivu nyote mnaosikia mpaka umbea wa chumba cha pili. Natoa!"

Kicheko kilipasuka, na humo humo mtu akapiga kelele, "Polepole, mayai!" Halafu mwingine akabonyeza simu yake. "Namwonea wivu jirani yangu huyu hapa, mumewe anapika. Natoa!" Jirani akajibu kwamba anapika ubwabwa mbichi, na yeye akatoa kwa ajili ya mwenye cherehani mpya. Ikawa kama arusini. Anayetoa anataja jina, aliyetajwa anapigiwa vigelegele, naye anajifunika uso kwa raha. Maua yalichanua kwenye vifua vilivyobeba mayai. Semeni mwenyewe aliongoza vigelegele, na pindo lake lilianza kurudi rangi yake.

Katikati ya kelele Bi Chano aliruka. "Kuna kitu kinanidonoa! Wallahi kinanidonoa!" Walimfungua kanga, wakakuta ganda limepasuka na mdomo wa njano unatafuta hewa, na furaha ikawa kubwa kuliko chumba.

Mwajabu alikuwa bado hajatoa. Alichukua simu yake, akainua macho, na macho yakakutana na ya Semeni. Semeni aliacha vigelegele. Moyo wake ulisimama wima kama mtoto anayengoja kuitwa. Sema. Hata kwa uongo, shoga, nitapokea.

"Namwonea wivu wifi yangu Salme," alisema Mwajabu, akabonyeza. "Natoa."

Walishangilia. Asumini zikamteremka Mwajabu mpaka magotini.

"Na wewe, Salme?" waliuliza. "Nani wako?"

Salme alitoa mkono mmoja chini ya mtoto, akabonyeza simu iliyokuwa mkekani. Alibonyeza kwa muda mrefu, nyumba yake lazima ilibaki giza. "Sina," alisema. "Natoa tu."

"Muongo!" walipiga kelele. "Taja! Taja!"

Salme alitabasamu, akatikisa kichwa, akarudi kumpigapiga Riziki mgongoni. Kwenye kanga yake lilitokea ua moja, la kawaida, na hakulitazama.

Semeni alimtazama. Alitafuta usoni mwake kona yoyote ya uongo, akatafuta tena, wengine wakiwa wamekwishaendelea na kifaranga. Hakuiona. Kitu kile kile cha zamani kikamwamkia kifuani, kikajinyoosha, kikaangalia upande mpya. Aligeuka dirishani kwenye mvua, mayai yanamgonga tumboni, akatamani kesho kuwe na jua la kujaza betri.